Waliokuombea Dirishani

Barnaba,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Ya kwangu ukitaka kuijua, nina hasira. Nina hasira tangu siku tuliyokusindikiza stesheni ukiwa ndani ya sanduku, na mke wangu Mwanaidi amechoka kuniuliza kwa nini naikanyaga cherehani kama mtu anayelipiza kisasi. Ananiambia, "Baba Zuhura, maiti hagombezwi." Huyo hakukujua vizuri. Wewe ulikuwa mtu wa kugombezwa ukiwa hai, na kufa hakujakubadilisha.

Nakuandikia hapa barazani, mbele ya duka, pale pale ulipokuwa ukija kukaa kila ukitoka zamu, viatu vimejaa vumbi la kokoto za reli. Kazi yako ilikuwa kubadilisha njia za treni, yangu kushona suruali, na kazi yetu sote wawili ilikuwa kubishana. Wewe mtu wa Kakamega, mhubiri wa kanisa la mabati nyuma ya soko, ukikaa peke yako katika nyumba ya reli hapa Makongeni kwa sababu mkeo Rebeka alikuwa nyumbani na watoto, analima. Mimi Salim, Mswahili wa Majengo, baba wa Lamu, mama Mkamba, swala hainipiti hata mvua inyeshe vipi. Mpita njia alidhani tunataka kupigana. Kumbe tulikuwa na ugomvi mmoja tu miaka yote ile, na hatukuumaliza. Hiyo ndiyo hasira yangu ya kwanza. Umeondoka katikati ya mazungumzo.

"Mungu alivaa mwili, Fundi," ulikuwa ukiniambia. "Akawa mtu kama wewe na mimi." Nami nakuuliza, alivaa? Alipimwa na nani? Unacheka mpaka unakohoa. Hata wakati ule ulikuwa ukikohoa, nami sikutilia maanani. Nakwambia Mungu hali, halali, hana mama. Unawezaje kumtia ndani ya tumbo la mwanamke, azaliwe analia, abebwe mgongoni, ajikojolee? Nasimamisha cherehani kabisa. Astaghfirullah, nakwambia, ondoka hapa usije ukaniunguza pamoja nawe. Nawe unaitikia kwa furaha kama mtu aliyesifiwa: "Ndiyo, Fundi, alijikojolea. Na mamake akamfulia." Ee Mola wangu! Nilikuwa nakutazama nikisema huyu bwana ana kichaa, ila ni kichaa chenye adabu.

Maana adabu ulikuwa nayo, sikunyimi haki yako. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unapita upande wa pili wa barabara ukiwa unakula muhogo, nisikuone. Na kila Krismasi, alfajiri, unakuja na kuku wako amefungwa miguu, unaniambia, "Nichinjie, Fundi, ili na wewe ule." Ukaisubiri sikukuu yako mpaka mimi nimalize bismillahi yangu. Tukala sahani moja, na kabla hatujanawa mikono umeshaanza tena habari ya mtoto wa Bethlehemu.

Ule mfano wako wa reli ndio ulionichosha zaidi. Ulisema wakubwa wenu hukaa makao makuu wakatuma karatasi: fanyeni hivi, msifanye vile. Hakuna aliyewahi kuja kusimama nanyi kwenye kokoto, mvua inapiga, treni ya mizigo inakuja. "Mungu hakutuma karatasi, Fundi. Alikuja mwenyewe, akalowa." Nikakujibu kwamba mkubwa akilowa pamoja na vibarua, kesho hakuna atakayemheshimu. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Huenda. Lakini aliyekuwa peke yake mvuani hatamsahau." Siku hiyo nilishona mfuko wa suruali ya mteja ndani nje kwa sababu yako. Sikuamini. Siamini hata leo, nakwambia kweli yangu. Lakini wewe uliamini, na nilidhani wenzako nao wanaamini. Hapo ndipo nilipodanganywa.

Sasa sikiliza walivyokutenda, maana mengine hukuwa na fahamu nayo.

Kifua kilipokushika ulilazwa, ukapigwa sindano miezi mingi, kisha ukarudishwa nyumbani. Daktari alisema mbele yangu, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba huambukizi tena, ila mapafu yameshaharibika. Rebeka alikuja, akakuuguza, akarudi kwa ajili ya watoto, akaniachia mimi maagizo. Nikamwendea Mzee Elkana, mkubwa wa kanisa lenu, jirani yako wa laini moja ya nyumba za reli, mtu uliyekuwa ukihubiri naye sokoni mmeshikana mabega. Nikamweleza maneno ya daktari moja moja. Akanishukuru sana. Halafu akaenda akawaambia kina mama wasiingie kwako. Uji wakawa wanauacha kizingitini ndani ya mkebe, na mkebe wenyewe hawakuutaka tena.

Na Jumapili ile! Walikuja kanisa zima kukuombea, wakasimama nje dirishani, vitambaa puani. Waliimba vizuri, sikatai. Elkana akanyoosha mkono kuelekea dirishani, akamwomba Mungu ashuke, akuguse. Ashuke, akuguse! Yeye mwenyewe alikuwa karibu na kitanda kuliko nilivyo sasa karibu na barabara, na mlango ulikuwa wazi.

Mimi nilikuwa ndani nimekushikia bakuli la kutemea. Ukaniminya mkono, ukatabasamu, ukasema, "Leo wanaimba vizuri." Nilitaka kukupiga, Barnaba. Mgonjwa au si mgonjwa, nilitaka kukupiga. Kwa nini hukukasirika? Ungekasirika hata kidogo tu, ungesema neno moja baya, nami ningetulia. Hasira yote uliniachia mimi niibebe.

Ulikufa alasiri, Rebeka na ndugu yako Petro wakiwa njiani kwenye treni, wameitwa kwa telegramu. Ulikuwa umetapika damu, shati limegandana na kifua, na ule mgongo wenye vidonda nisiuseme. Nikatoka uani nikamkuta Elkana na watu wake wamesimama. Nikasema, mkewe anafika asubuhi, hawezi kumkuta hivi, tumwoshe. Elkana akasema litaitwa gari la mochari, huko kuna wenye kazi hiyo. Nikamwambia basi njoo unimwagie maji tu, mtu mmoja hawezi kumgeuza na kumwagia. Mwaga ukiwa mbali. Mwaga ukiwa umefumba macho. Unajua alinijibu nini? Alivuta pumzi ile yake ya mahubiri, akasema, "Fundi, Barnaba hayupo hapo tena. Roho yake iko kwa Bwana. Mwili ni udongo tu."

Kitu kilinipanda kichwani. Nilipiga kelele uani pale mpaka watu wa laini nzima wakatoka milangoni. Udongo tu? nikasema. Kama mwili ni udongo tu, Mungu wenu alikuja kufanya nini ndani yake? Si angebaki huko huko juu akapumzika? Miaka yote mwenzenu ananikalia barazani ananieleza Mungu ana ngozi, ana njaa, ana jasho, ana mama wa kumfulia. Leo ngozi yenyewe hii hapa, ya mtu wenu, mnaziba pua! Semeni basi kwamba hamwamini, mniache na mimi nipumzike!

Nilikuwa natetea dini yako, mjinga we. Ulinifanya nitetee jambo nisiloliamini, mbele za watu, kofia yangu ya msikitini iko kichwani. Hilo sikusamehe.

Hakuna aliyesogea. Aliyekuja ni Mwanaidi, na kwetu mwanamke hamwoshi mwanamume wa watu, kwa hiyo alisimama nyuma ya pazia ameelekea ukutani, akawa ananipitishia ndoo bila kutazama. Maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni. Nilikuosha nilivyofundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa mwosha maiti wa Majengo: polepole, ukifunua hapa unafunika pale, kwa sababu maiti ana haya zake. Nilikuwa nakugombeza muda wote. Geuka, Barnaba. Mbona mzito hivi na wewe huli? Mgongo niliuosha kidonda kwa kidonda, na hapo ndipo nilipolia, nisikufiche, nikalia kwa sauti mpaka Mwanaidi naye akaanza.

Ndipo kosa likafanyika. Mikono ikaenda yenyewe. Mwanaidi alinipitishia bafta nyeupe kutoka dukani kwangu, nikakata, nikakufunga sanda, toka utosini hadi miguuni, vizuri kabisa, kazi safi. Suti yako ya kuhubiria ilikuwa imetundikwa msumarini, karibu inanigusa uso, tena suti niliyoishona mimi. Wallahi sikuiona. Watu wa kwenu huzikwa na suti, soksi na viatu, hilo nalijua, nimeshawashonea wafu wenu wengi. Haikunijia hata kidogo. Mjomba alinifundisha kwamba ukishaosha unafunga, nami nikafunga.

Asubuhi Petro na Rebeka wakafika, Petro akafunua sanduku tulilokulaza usiku. Alivyopiga ukelele! "Wamemsilimisha ndugu yangu!" Elkana, ambaye tangu jana yake hakukanyaga mle ndani, akapata sauti. Akasema alijua tu, Waislamu walikuwa wanakuvizia kitambo. Na kwangu nako, wazee wa msikitini walikuwa wameshasikia, wamekuja kuniuliza ni nani aliyeniruhusu kumvika Mkristo sanda. Wote wananitazama mimi. Petro akaitwaa suti msumarini, akasema mvueni mavazi hayo, mvisheni nguo zake. Akamtazama Elkana. Elkana akatazama viatu vyake. Petro mwenyewe akanyoosha mkono hadi kwenye ukingo wa sanduku, akaurudisha. Akabaki amesimama na suti mkononi. Nikasema, "Mvueni basi! Si huyo hapo?"

Rebeka alikuwa amesimama nyuma ya Petro. Akapita katikati yetu, akafungua sanda usoni, akaweka kiganja chake kwenye shavu lako, akakaa hivyo. Bila kugeuka akauliza, "Nani amemwosha?" Nikasema, ni mimi, shemeji. Akauliza, "Na mgongo?" Nikasema, na mgongo. Akainamisha kichwa, nikaona mabega yanacheza. Petro akaanza tena, aibu hii, watu wa nyumbani watasema nini. Ndipo Rebeka akageuka, macho mekundu, na hakumjibu Petro. Alimwambia Elkana. "Mzee, yule mtoto mnayemwimba kila Krismasi, alizaliwa na suti?"

Laiti ungemsikia! Nilitaka kukugutusha, nikwambie amka uone mkeo. Akaipokea ile suti, akaikunja, akakuwekea juu ya kifua, akafunika sanduku mwenyewe. Ulikwenda Kakamega hivyo hivyo.

Tangu hapo ni haya. Nyumba yako wamempa kijana wa ofisini. Kabla hajaingia alipaka chokaa ukuta mzima akachoma godoro lako uani. Ana redio kubwa. Hunisalimia "Vipi, mzee," kisha ananitaka nimpanulie suruali miguu iwe kama sketi mbili. Kanisa lenu lilikuwa limeniagiza majoho ya kwaya, wamempelekea fundi mwingine. Msikitini kuna anayenisalimia kwa ncha za vidole tu. Sawa, yote nimeyameza. Nisiloweza kulimeza ni la jana, na ndilo lililonikalisha chini nikuandikie.

Jana mchana alikuja mke wa Elkana. Elkana anakohoa tangu mvua zilipoanza. Alilazwa, ametoka, na kanisa limeshapata mkubwa mpya, naye huyo mkubwa mpya amewaagiza watu wamwombee kila mtu akiwa kwake. Mama wa watu ameumia kiuno kwa kumnyanyua peke yake. Hakuniomba kitu. Alisimama hapo ulipokuwa ukikaa, anashikashika kitambaa cha mteja, akazungumza habari ya mvua na bei ya mkaa. Nami nikamwacha azungumze. Mwishowe akasema, "Ameanza kupata kidonda mgongoni, Fundi." Akajifunga leso yake vizuri, akaondoka.

Nilicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka, tena kicheko kibaya. Nikasema, Mola ana hesabu zake, mwacheni Elkana na udongo wake. Nikarudi kwenye cherehani nikijisikia vizuri sana, na raha hiyo haikufika hata magharibi. Shida ni wewe. Ningekuwa sikukujua, ningelala usingizi wangu kama mtu mwingine yeyote wa mtaa huu. Lakini nikikanyaga, nakusikia. Nikiacha kukanyaga, nakusikia zaidi. Nimekugombeza kutwa nzima leo: huyo mtu alisimama mlangoni kwako hakuingia! Alikuita udongo! Wewe unanitajia mvua na kulowa. Toka kichwani mwangu, Barnaba!

Elewa jambo moja. Mimi sihitaji Mungu awe mtu. Nataka Mungu abaki Mungu, na watu wawe watu, basi. Na hata hilo la pili limewashinda watu wa mtaa huu, wa kanisani kwenu na wa msikitini kwetu.

Kesho nitakwenda. Usishangilie. Sijaongoka, sijalainika, na hasira yangu naenda nayo. Nitaingia, nimwambie usoni kwamba simpendi na kwamba neno lake sijalisahau. Nitalisema lote, mkewe akiwepo. Halafu nitamwambia ageuke, nimwoshe mgongo. Hilo nakuahidi. Nakuahidi na keshokutwa, na siku itakayofuata, mpaka apone, au mpaka afike huko uliko mmalizane wenyewe.

Pumzika, rafiki yangu. Mola tuliyekuwa tunamgombania ni mmoja, ugomvi ulikuwa wetu. Ukimwona, na ikiwa ni kweli alishuka kama ulivyokuwa ukiapa, niulizie. Siku ile uani Makongeni, watu wake wote wameziba pua, yeye alikuwa wapi? Kwa nini asije mwenyewe, akaiacha kazi ile kwa Mwislamu mzee anayeumwa na kiuno?

Najua utakavyonijibu. Nakuona hapo unavyotabasamu. Usinijibu, Barnaba. Nakukataza.

Ni mimi,
Salim